Kutafuna Mbele ya Mizani

Kazi niliipata kwa sababu ya meno. Cheti cha kidato cha nne nilikuwa nacho, kama walivyokuwa nacho wanawake wengine kumi waliopanga foleni asubuhi ile nje ya ghala, lakini meneja hakukiangalia. Alimwaga dagaa mezani, mafungu mawili, akatuambia tuchague lililo safi. Wenzangu wakaanza kuwapekua kwa vidole, kuwanusa, kuwainua kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nikatia mmoja mdomoni, nikatafuna polepole, nikatema, nikatia wa fungu la pili. Nikasema, "Hawa wa kushoto wameanikwa mchangani, halafu wakapepetwa. Wamepepetwa vizuri, lakini mchanga upo." Meneja akacheka, akawashukuru wengine na kuwaruhusu waende.

Haukuwa uchawi. Mama yangu ni mwanikaji wa dagaa pale Katonga, ufukweni mwa ziwa hapa Kigoma, tangu sijazaliwa, na waanikaji wa zamani wana desturi yao: mnunuzi haulizi, anatafuna. Anachota katikati ya gunia, siyo juu, anatafuna mbele ya muuzaji, na muuzaji anamtazama taya. Mchanga ukilia kwenye meno, hakuna ubishi, bei inashuka palepale. Usipolia, hakuna ubishi vilevile. Mama alikuwa akisema kwamba mtu anayenunua dagaa bila kutafuna ni mgeni au ni mwizi, na Katonga wageni ni wachache.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema nikipewa zawadi naigeuza kwanza niangalie chini kuna nini. Ni kweli, na sioni aibu. Kazi yangu ilikuwa kushuku. Nilikaa kwenye mizani langoni, mkaguzi wa ubora wa kampuni, na kila gunia lililoletwa nililitafuna kabla halijapimwa. Jioni taya lilikuwa linaniuma na maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya dagaa.

Kampuni ilikuwa na ahadi moja tu: dagaa wa Kigoma wasio na mchanga, katika mifuko midogo yenye picha ya ziwa, kwa ajili ya maduka ya Dar es Salaam. Ili ahadi itimie ilibidi dagaa waanikwe juu ya vichanja, nguzo na wavu, hewani, siyo chini ufukweni kama ilivyozoeleka. Kwa hiyo meneja alikuja Katonga, akakaa juu ya beseni lililogeuzwa, akawaambia kina mama: jengeni vichanja, mimi nitanunua kwa bei nzuri kuliko ya mchangani, mwaka hadi mwaka. Kina mama wakaendelea kugeuza dagaa wao. Maneno ya watu wenye viatu wanayajua. Mama ndiye aliyesimama wa kwanza. Aliuza mbuzi zake akanunua milingoti na wavu, na wenzake watano wakamfuata kwa sababu ni yeye. Baadaye nilimuuliza alimwaminije yule mtu. Akasema, "Yeye simjui. Nimekuamini wewe, mwana wanje, mwanangu. Si wewe ndiye utakayekuwa kwenye mizani?"

Tukaenda vizuri msimu mmoja. Msimu wa pili ikaja kampuni nyingine, ghala lao likatazamana na letu ng'ambo ya barabara, kuta nyeupe, malori mapya. Wao walinunua chochote: cha mchangani, cha kwenye turubai, cha kichanja, vyote gunia moja. Tuliwacheka. Tulisema mlaji wa Dar akishaung'ata mchanga wao atarudi kwetu mwenyewe.

Mlaji wa Dar hakupata nafasi ya kutukumbuka, maana mzigo wetu haukufika. Kila lori linalotoka lazima liwe na karatasi ya ubora yenye mhuri, inayotolewa na ofisi fulani baada ya mkaguzi kuja kuangalia mzigo. Zamani karatasi ilichukua siku tatu. Baada ya wale jamaa kuja, ya kwetu ikaanza kuchukua kumi, halafu wiki mbili. Mkaguzi anaumwa. Mhuri umepelekwa kutengenezwa. Fomu zimeisha. Ya kwao ilitoka siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri, na malori yao yalipita mbele ya lango letu yakipiga honi. Hii ilikuwa masika. Dagaa wetu, wale waliokuwa wanang'aa kama vijiko vipya, wakalala ghalani wakanywa unyevu, wakawa laini, wakageuka rangi.

Nikaanza kuchunguza, na nilichunguza kwa hasira. Mbele ya ofisi ile kuna mama ntilie anayeuza chai na maandazi, nikawa naenda kukaa pale saa yangu ya mapumziko. Siku ya tatu nikamwona dereva wa wale wa ng'ambo akishusha ndoo mbili za mawese na mkungu wa ndizi, akaingia navyo mlango wa nyuma. Akatoka na bahasha. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Kigoma mtu kumpelekea mwenzake mawese ni salamu tu, hata mimi nimewapelekea walimu wa wanangu. Ndani ya ndoo kulikuwa na mawese peke yake? Sijui. Sikuliona lolote ambalo ningeweza kuapa nalo, na ndivyo mambo haya yanavyopikwa, yasionekane.

Katonga hawakuhitaji kiapo. Kule bei ya asubuhi haipangwi kwa kutazama dagaa peke yake. Wanawake wanatazama jana lori la nani liliondoka, gari la nani limeegeshwa wapi, nani amenunua turubai mpya. Asubuhi moja nilifika kuulizia bei, nikawasalimu, "Mwakeye," wakaniitikia kwa ubaridi, na bei waliyonitajia ilikuwa juu kuliko ya jana yake. Nikauliza kulikoni. Mmoja, mama wa Kirundi aliyehamia hapa zamani, akaniambia bila kupepesa macho, "Bosi wako jana ameketi kwenye benchi ya ile ofisi mpaka wamefunga. Mtu wa kwenye benchi atatulipa lini?" Siku hiyohiyo mfanyabiashara wetu wa Dar akapiga simu akapunguza oda. Naye alikuwa amesikia habari za benchi, sijui kwa nani. Hakuuliza dagaa wakoje. Aliuliza, "Mnapita lini?" Kule ng'ambo oda zikaongezeka, na dagaa wao hakuna aliyewatafuna.

"Penye udhia penyeza rupia," dereva wetu alimwambia meneja mbele yetu sote. "Mzee, utatuua na njaa."

"Sitoi," meneja akasema.

Watu wakamwona shujaa, wengine wakamwona mjinga. Mimi nilimshuku. Nilijiuliza kama kweli ni uadilifu au ni kwamba wenye kampuni huko Dar hawajampa cha kutoa, au wamempa akakikalia. Nilimchunguza hata viatu. Visigino vilikuwa vimelika upande, na bado sikuridhika. Sisi wafanyakazi tulikuwa kumi na wanne, tukabaki watano. Waanikaji wawili kati ya wale watano waliomfuata mama wakaanza kuvuka barabara na magunia yao, wakauza dagaa safi wa kichanjani kwa bei ya mchanga, na mchana wake dagaa hao wakachanganywa na wa mchangani. Mama hakuvuka. Alikaa na magunia yake ndani, akayaanika upya kila jua lilipotoka, akaniambia, "Tutangoja. Wewe tafuna tu."

Halafu Jumanne moja meneja akaingia ghalani na bahasha. Alikuwa anapiga mluzi. Nikaichukua karatasi nikaisoma. Ilisema magunia mia moja na ishirini yamekaguliwa na kukutwa safi. Nikageuka nikatazama ghala. Mlikuwa na magunia arobaini. Yale mengine yalikuwa bado kwenye vichanja vya Katonga, na mengine, nadhani, yalikuwa bado yanaogelea.

"Tumefunguliwa njia, dada," akasema.

"Kwa namna gani?"

"Kwa maombi." Alisema hivyo akiangalia paa.

Mpaka leo sijui alitoa nini, alimpa nani, wala nani alimwagiza. Najua tu kwamba kuanzia wiki ile dereva wetu alianza kujua bei ya mawese kwa ndoo.

Neema ilirudi mbio. Lori likatoka, la pili likafuata. Habari zikatangulia kuliko lori lenyewe, maana mtu wa Dar alipiga simu kabla hata halijavuka Uvinza, akaongeza oda mara mbili kwa sababu amesikia "sasa mnapita." Wafanyakazi wakarudishwa. Tukashonewa fulana za kampuni. Katonga wakatushushia bei wenyewe na kutuuliza hali za watoto. Wale wa ng'ambo wakajibu kwa kuongeza bei ya kununua, sisi tukaongeza, wao tena. Vita vya bei vikishaanza anayechagua dagaa ndiye anayeshindwa, kwa sababu anayechagua anarudisha magunia, na gunia lililorudishwa linavuka barabara. Meneja akaja kwenye mizani yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Ukisikia kidogo, pitisha. Karatasi ipo."

Nilipaswa kukasirika. Nilikasirika, kwa kweli, siku mbili nzima, nikamnunia mpaka mume wangu aliyekuwa hana kosa. Siku ya tatu nikapitisha gunia lililokuwa linalia. Lililia kidogo tu. Wiki iliyofuata nikapitisha linalolia sana, na usiombe kujua ladha ya mchanga unaoupitisha mwenyewe. Ndipo nikagundua njia ya kujisaidia. Nikitafuna nikasikia na nikapitisha, mimi ni mwizi. Nisipotafuna, sikusikia. Kwa hiyo nikawa nachota juu juu, natia dagaa mdomoni, namficha chini ya ulimi, nachezesha taya. Natafuna mate. Muuzaji anaona taya linakwenda, mimi sisikii kitu, gunia linapimwa. Nilipata mpaka muda wa kuongea na simu.

Huku nikifanya hivyo, nilizidi kuwashuku wengine. Nilimshuku mpimaji, nilimshuku mlinzi wa lango, nikawashuku hata wanawake wa usafi kwamba wanapeleka habari zetu ng'ambo. Na nikamshuku mama.

Mama alianza maswali. Nikienda kumsalimia nyumbani kwake Rusimbi, hata shikamoo haijapoa, anauliza, "Siku hizi mnapitaje haraka namna hii?" Nikamwambia wamebadilisha utaratibu. "Wamebadilisha nini?" Nikamwambia, mama, ni mambo ya ofisi. Akanitazama mdomo, siyo macho, kama anavyowatazama wanunuzi. Haikupita wiki mpimaji wetu akaninong'oneza kwamba mama ameonekana kwenye ua wa wale wa ng'ambo, amesimama karibu na magunia, anaongea na mnunuzi wao. Mama yangu mzazi! Nikapanda bodaboda mpaka Katonga, nikamkuta anageuza dagaa kwenye kichanja.

"Umekwenda kufanya nini kwa wale?"

"Kutafuna," akasema.

"Kutafuna nini?"

"Dagaa wao. Nilitaka kuonja, nijue tofauti ya kwao na kwenu."

"Na tofauti ni nini?"

Aliendelea kugeuza dagaa. "Uliza meno yako," akasema. Sikumwamini hata kidogo. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba mama anatafuta soko la pili, kwamba ameahidiwa bei, kwamba siku moja nitaamka nimekuta magunia yake yako ng'ambo na mimi nimekuwa kichekesho.

Alhamisi iliyofuata akaleta magunia matatu kwa guta. Nilifurahi, kwa sababu alikuja kwetu. Nyuma yake walipanga foleni wale wenzake watano, hata wawili waliokuwa wamevuka, na jambo hilo nililiona bila kujiuliza. Mama akasimama karibu sana na mizani. Nikachota gunia la kwanza juu juu, nikachezesha taya. Nikachota la katikati, nikachezesha taya. La tatu hata sikuchota.

"Safi, mama. Pitisha."

"Safi?" akauliza.

"Safi kabisa. Wa kwako huwa sina shaka nao."

Nilisema kwa sauti ili wasikie kwamba mama yangu ni mama yangu. Mama akafunga vizuri kitenge chake kiunoni, akaenda zake kwa miguu.

Jumapili akaniita kula mchana. Ugali wa muhogo, dagaa wa mawese na bilinganya, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na alinipakulia yeye mwenyewe kama nimetoka safari. Nikamega tonge, nikachovya, nikatafuna.

Mchanga ulilia mpaka masikioni. Haukuwa kidogo. Ulikuwa mchanga wa ufukweni kabisa, usiopepetwa, umejaa kwenye meno yangu ya nyuma, ule niliokuwa nautambua tangu nina miaka sita. Nikasimamisha taya. Mama alikuwa ananitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hao ni wa lile gunia la katikati. Nimewaanika chini mwenyewe, sikupepeta hata mara moja. Nilibakiza konzi mbili nije nikupikie."

Nilikuwa na mengi ya kusema: karatasi, mhuri, ndoo za mawese, bei za wale wa ng'ambo, oda za Dar, watu tisa waliorudishwa kazini. Yote yalikuwa kweli. Lakini mdomo ulikuwa umejaa mchanga, na kutema mbele ya mama sikuweza, nikameza.

"Nilikuona taya muda mrefu," akasema. "Linakwenda lakini halisikilizi. Wenzangu walinishika: binti yako hatafuni siku hizi, turudi mchangani sote, tunajichosha bure na vichanja. Nikawaambia hapana, huyo nimemfundisha mimi. Nikawaambia njooni mshuhudie."

Kwa hiyo walijua. Wote watano waliosimama nyuma yake kwenye foleni walijua kilichomo ndani ya gunia, na walikuja kunitazama mimi. Mimi niliyekuwa nawachunguza watu mpaka visigino vya viatu, nilikuwa nachunguzwa na wanawake sita hadharani, saa nne asubuhi, na nikasema safi kabisa. Nililia. Mama hakunibembeleza. Aliniambia nichochee moto, maji ya kunawa yalikuwa bado baridi. Nikainama jikoni, nikavuta ukuni, na ukuni ulikuwa na misumari na vipande vya wavu. Kuni zote zilikuwa milingoti ya vichanja vyake.

Jumatatu nilitafuna. Nilichota katikati ya kila gunia, nikatafuna kwa meno yote, na mchanga ukilia nikasema unalia. Kufika saa nne foleni yote ilikuwa imevuka barabara. Meneja alikuja, akatazama lango tupu, akaniambia kwa upole kwamba naonekana nimechoka, niende nikapumzike mpaka atakaponiita. Hajaniita. Simlaumu sana. Nilipokuwa natoka langoni nilitazama tena viatu vyake, vilikuwa vipya.

Mtu wa Dar aliendelea kununua miezi kadhaa, kwa sababu tulikuwa tunapita. Halafu wateja wakaanza kurudisha mifuko madukani. Yeye hakuuliza ni ya kampuni ipi. Alisema dagaa wa Kigoma wana mchanga, basi, akahamia kwingine, na wenzake wakamfuata bila kuonja. Wale wa ng'ambo wakabaki na malori mapya yaliyosimama. Ghala letu sasa ni la kuhifadhia simenti. Katonga kila mtu ana maelezo yake: wengine wanalaumu ofisi, wengine meneja, wengine wanasema ni njama za wafanyabiashara wa kwingine. Mimi nikisikia hayo nanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Siku hizi namsaidia mama. Alibakiza kichanja kimoja, sijui kwa nini, na sijathubutu kumuuliza. Nageuza dagaa, nafukuza kunguru, nafunga magunia. Wiki iliyopita akaja mnunuzi mgeni, mwanamke wa makamo, anasema anatafuta dagaa safi kwa ajili ya duka lake na amechoka kudanganywa. Akanikuta mimi karibu na gunia, akaniuliza, "Dada, hawa hawana mchanga?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Hawakuwa nao, niliwageuza mwenyewe.

"Usimuulize huyo," mama akasema kutoka upande wa pili wa kichanja. "Chota katikati, utafune mwenyewe."

Nikamfungulia gunia, nikasogea pembeni. Mama akaja akasimama mbele ya yule mwanamke, akawa anamtazama taya.